Asilimia 30 za Mkono

Ganda la korosho lina mafuta makali. Yakigusa ngozi huiunguza na kuiacha nyeusi, na anayebangua kwa mkono hujikinga kwa majivu au mafuta ya kupikia. Jambo hilo Newala na Masasi halihitaji mtaalamu wa kulithibitisha. Penye madai ya fidia, hata hivyo, lazima awepo. Ninachotaka kufuatilia ni jinsi neno lake lilivyopata nguvu.

Kisheria, mtaalamu alitufikia kutoka India. Tanganyika ya Waingereza ilitumia Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyomtaka shahidi wa kawaida aeleze alichokiona na kukisikia, lakini ikamruhusu mtaalamu kutoa maoni. Tanzania ilipotunga sheria yake mwaka 1967, kanuni hiyo ikabaki, katika kifungu cha 47.

Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, na viwanda vya kubangua vikajengwa kusini, Masasi na Newala vikiwemo. Mavuno yakaporomoka, vingi vikafungwa. Mfanyakazi aliyeumia wakati huo alikuwa chini ya sheria ya fidia iliyotoka ukoloni. Ukomo wa malipo ya ulemavu wa kudumu ulibaki shilingi 108,000 huku thamani ya shilingi ikizidi kushuka. Kwa kiasi hicho, kumhoji daktari kulikuwa na faida gani? Hata ukimshinda kwa hoja, ulichopata kilizidi kupoteza thamani.

Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi Julai 2015. Sasa ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, mfanyakazi hupata pensheni ya kila mwezi. Tarakimu moja ya daktari inaweza kutenganisha fedha za kuezeka nyumba na riziki ya miaka yote iliyobaki.

Ndiyo maana naona rufaa ya Agnes Doris Liundi, ya mwaka 1980, inastahili kukumbukwa hata nje ya kesi za jinai. Ilihusu mauaji, na madaktari walitoa maoni kuhusu akili ya mshtakiwa. Mahakama ya Rufani ilisema mahakama haifungwi na maoni ya daktari, ikiwa ina sababu nzuri za kutoyakubali. Sababu hizo lazima mtu azilete: Daktari alimpima lini? Aliuliza kazi ya mkono huo ni ipi? Mlinzi na mbanguaji wanaweza kupoteza hisia za vidole vilevile, lakini mlinzi atarudi lindoni kesho. Hilo msimamizi wa kiwanda anaweza kulieleza vizuri kuliko daktari, kwa kuwa ni jambo alilolishuhudia.

Haya yote humhusu mwenye mwajiri. Mama anayebangua korosho zake barazani na kuziuza stendi ya Masasi yuko nje ya sheria hii. Mafuta yanayomuunguza ni yaleyale, lakini hakuna daktari atakayetakiwa kuandika asilimia ya vidole vyake, wala baraza la kubishana naye.