Jina la Baiskeli na Nafasi Yake Barabarani

Neno la kukopa huweza kutuonyesha jinsi kitu kilivyoingia katika nchi. Walakini halituonyeshi kama kitu hicho kilipewa mahali pa kukaa. Baiskeli ni mfano mwema wa jambo hili. Katika Afrika Mashariki ilipata majina mengi kwa upesi, lakini nafasi yake barabarani imechelewa mno, na hata leo si nafasi ya salama.

Baiskeli tuijuayo, yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1885 kwa kazi ya John Kemp Starley wa Coventry. Na mwaka 1888 John Boyd Dunlop alivumbua tairi lake la upepo katika mji wa Belfast. Waswahili walilichukua jina la Kiingereza wakalitamka kwa kawaida ya lugha yao, baiskeli au baisikeli. Waganda husema eggaali, neno lenye asili moja na gari, hata garimoshi kwao ni eggaali y'omukka. Warundi husema ikinga, na katika Kiswahili cha Kongo twasikia kinga. Sehemu zake nazo zina habari ya kueleza. Pedeli, breki, pampu na tairi ni maneno yaliyokuja pamoja na chombo chenyewe. Lakini usukani ulitoka kwa mabaharia, na mnyororo na kengele yalikuwako lughani tangu zamani. Hivyo wasemaji hawakupokea tu, bali walikitafutia chombo kipya mahali miongoni mwa vyombo walivyovijua.

Neno lenye safari ndefu zaidi ni bodaboda. Katika miaka ya 1960, huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, wenye baiskeli walianza kupakia abiria na mizigo yao, wakiwavusha toka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili. Wito wao, uliotokana na neno la Kiingereza la mpaka, ukawa jina la kazi, kisha la chombo, kisha la mwendeshaji mwenyewe. Baadaye pikipiki ziliingia katika kazi ile ile, na Kenya ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008, zikaenea kwa haraka. Leo, katika miji mingi, mtu akitaja bodaboda msikilizaji huelewa pikipiki.

Nafasi barabarani nayo hupatikana na kupotea. Uholanzi hutajwa mara nyingi kana kwamba mambo yake yalikuwa hivyo tangu asili. Sivyo. Njia ya baiskeli ilikuwako Utrecht tangu mwaka 1885, lakini baada ya Vita Kuu ya Pili motokaa zilizidi, na mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa barabarani, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi walipinga hadharani, na katika miaka ya 1970 njia za majaribio zikajengwa Tilburg na The Hague. Jaribio la Delft, katika miaka ya 1980, likafundisha kwamba njia moja nzuri haitoshi. Yapasa njia ziungane mji mzima.

Funzo hilo latuhusu sana. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, na njia ya mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, ambayo kilomita zake 20.9 za kwanza zilianza kutumika mwaka 2016, zote mbili zilijengwa pamoja na njia za baiskeli. Hapana shaka hiyo ni hatua kubwa. Walakini mwendeshaji akiziacha njia hizo ili afike kazini, hurudi katikati ya malori; na akiwa ndani yake hukutana na bidhaa za wachuuzi, magari yaliyoegeshwa, na pikipiki zikwepazo msongamano. Yaani bodaboda, iliyokwisha chukua jina la baiskeli, sasa yachukua na njia yake.

Hapa wataalamu wa lugha wana sehemu yao. Kusema "njia ya pembeni" hakumlindi mtu, maana kila mmoja hufasiri apendavyo. Sheria zetu zina istilahi iliyo wazi, chombo cha moto. Basi kibao kisemacho kwamba njia ni ya baiskeli, na vyombo vya moto haviruhusiwi, hakimwachii mtu udhuru. Lakini kibao peke yake hakitoshi. Yahitajiwa ukingo wa saruji, njia isiyokatika, na askari wa kuisimamia. Wanaoingoja ni watu waendao kazini alfajiri kwa nguvu za miguu yao, wengi wao kwa kukosa nauli ya kila siku, na wakiangushwa ndio tegemeo la nyumba nzima.