Mnara Uliozibwa kwa Mbao

Januari 1973 upepo mkali ulivuma Boston, Marekani, na mnara wa John Hancock, wenye ghorofa 60 na ujenzi wake ukiwa bado haujaisha, ukaanza kudondosha madirisha. Kila dirisha lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200. Mafundi waliziba mapengo kwa plaiwudi, na upepo ukizidi polisi walifunga barabara za chini. Wenyeji wakatania kwamba sasa wana jengo la mbao refu kuliko yote duniani.

Wapo waliolaumu kuyumba kwa mnara, wengine msingi wake. Kumbe kisa kilianzia kwenye vita dhidi ya jua.

Kioo cha kawaida hupitisha miale ya jua bila kinyongo. Sakafu na meza huifyonza, hupata joto, na joto hilo kioo hakilipi njia ya kutoka. Paris ililionja hilo kwenye Cité de Refuge, makazi ya Jeshi la Wokovu yaliyofunguliwa 1933. Mbunifu Le Corbusier aliyapa ukuta wa kioo usiofunguka, ukitazama kusini, lakini fedha za mitambo ya kupoza hewa hazikupatikana. Kiangazi kilipofika, waliohifadhiwa humo walikuwa kama mikate kwenye tanuri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vikaongezwa vikingajua vya saruji kwa nje.

Wamarekani walitaka ukuta wa kioo usio na vikingajua. Maabara za Bell huko Holmdel, kazi ya mbunifu Eero Saarinen iliyofunguliwa 1962, zilivishwa vioo vyenye utando wa metali unaorudisha jua kabla halijaingia.

Boston wakafuata njia hiyo, tena kwa vioo viwili viwili. Upande wa ndani wa kioo cha nje ulipakwa kromi. Katikati, kuzunguka ukingo, ukalehemiwa ukanda wa risasi. Ukanda ulipaswa kulegea kidogo vioo vinapotanuka kwa joto na kutikiswa na upepo. Haukulegea. Uling'ang'ania utando, utando ukang'ang'ania kioo, na kingo zikabanduka vipande vidogo vidogo hadi dirisha zima likapasuka.

Madirisha yote 10,344 yalibadilishwa kwa kioo kimoja kilichoimarishwa kwa moto. Mnara ulifunguliwa 1976.

Utando haukuachwa. Wa leo mara nyingi ni wa fedha, mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga huku ukirudisha joto. Penye jua kali, fundi huuweka upande wa ndani wa kioo cha nje. Penye baridi, huuhamishia kwenye kioo cha ndani, upande unaotazama uwazi wa katikati.