Spika Mpya Inazoea, ama ni Masikio Yako?

Wasee, hii stori mnaijua. Umenunua spika mpya, umefika nayo keja, besi hakuna. Unarudi dukani, muuzaji anakuambia, "Bosi wangu, hiyo bado ni mpya. Ipigie ngoma masaa mia mbili, itafunguka."

Mimi nilimwamini. Nikapiga ngoma mchana na usiku mpaka majirani wakaninunia. Zile siku saba za kurudisha zikaisha. Besi bado hakuna. Hapo ndipo nilianza kuchimba.

Turudi 1925. Wahandisi wawili wa General Electric huko Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walitambulisha spika yenye koili inayocheza ndani ya sumaku na kusukuma koni ya karatasi. Mwaka uliofuata ikaingia sokoni kwa jina Radiola 104. Hiyo yako ya kubeba kwa begi ni kitukuu chake.

Sasa, koni ikisukumwa lazima kitu kiirudishe: ukingo wa pembeni, na kitambaa chenye makunyanzi kinachoshikilia koili. Kikiwa kipya ni kigumu, kikicheza kinalegea kidogo. Kwa hivyo muuzaji hakutoa hiyo stori hewani. Kuna ukweli ndani.

Lakini ni ukweli mdogo. Mwaka wa 1954, Edgar Villchur na Henry Kloss walitoa spika ya AR-1 kule Cambridge, Massachusetts. Wazo lilikuwa la Villchur: fanya koni ishikiliwe kwa ulegevu makusudi, ziba boksi kabisa, halafu hewa iliyofungiwa ndani ifanye kazi ya springi. Na hewa haina upya wala uzee. Haihitaji kuzoea chochote.

Je, zile zenye tundu? Mwaustralia Neville Thiele alizipigia hesabu 1961, na Richard Small akaendeleza kazi hiyo miaka ya 1970. Ukifuata hesabu zao, kitambaa kikilegea, vipimo kadhaa vya spika vinabadilika pamoja, na ndani ya boksi vinakaribia kufidiana. Besi inasonga kidogo tu. Haitoki kaburini.

Basi nini "hufunguka"? Masikio. Ukihamia nyumba yenye rangi mbichi, siku ya kwanza harufu inakugonga. Ukikaa ndani kwa muda huisikii, na ukuta ni ule ule.

Kama spika zako ni mbili, piga moja kwa siku mbili na nyingine uiache kwenye katoni. Kisha zisikilize pamoja, sauti sawa, ngoma moja. Zikilingana na bado hazikufurahishi, chukua risiti urudi dukani kabla siku hazijaisha.

Maana spika ingojee kufunguka ama isingojee, risiti haingoji mtu. Wewe uliambiwa masaa mangapi?