Mkanda wa Kijani

Juma lililopita mpwa wangu aliteremka basi la Muleba hapa Bukoba mjini, gi yake nyeupe ameikunja mkobani. Shikamoo ilimtoka kwa haraka, kisha swali: "Mjomba, nikianguka Jumamosi itakuwaje?" Jumamosi hii ana mtihani wa mkanda wa kijani wa karate. Ada ameipata baada ya mama yake kuuza mikungu ya ndizi, na mkungu uliouzwa haurudi jikoni. Basi msikilizaji mpenzi, kabla ya kumjibu nilimweleza mkanda wenyewe ulikotoka.

Haukutoka kwenye karate. Ni mali ya judo. Jigoro Kano alifungua shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, na mwaka 1883 akawapa wanafunzi wawili dani ya kwanza. Mkanda mweusi ulifuata baada ya miaka michache. Karate, mchezo wa visiwa vya Okinawa, iliuazima mwaka 1924, Gichin Funakoshi alipowavika wanafunzi wake huko huko Tokyo. Rangi hizi nyingine ni za baadaye zaidi. Sifa ya kuzieneza hupewa Kawaishi, Mjapani aliyefundisha judo mjini Paris miaka ya 1930. Kwa hiyo ile hadithi ya vijiweni, eti mkanda haufuliwi mpaka jasho liufanye mweusi, haina mzizi. Kijana wako na aufue.

Mpwa wangu anajifunza goju-ryu. Karate hiyo ilipandwa Dar es Salaam miaka ya 1970 na Mmarekani Mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliyefundisha vijana katika shule ya Zanaki. Mwasisi wa mtindo wenyewe ni Chojun Miyagi wa Okinawa, aliyezaliwa mwaka 1888 na kufariki 1953. Naam, mzee huyu hakumpa mwanafunzi wake hata mmoja dani. Kata ya Gekisai, ambayo kijana wetu anaipiga uani hadi kuku wanakimbilia migombani, Miyagi aliitunga yapata mwaka 1940 ili wanaoanza wapate pa kushika kabla ya kata ngumu za kale. Alichokitazama kwa mwanafunzi ni pumzi, nyayo na tabia. Madaraja yaligawiwa na waliobaki baada yake.

Nasi Wahaya tulikuwa na mtihani wetu. Zamani za Abakama, vijana wa rika moja waliitwa ikulu, wakakaa pamoja wakifunzwa ngoma, michezo, vita na adabu ya kusimama mbele ya wakubwa. Huo ndio omuteko. Wachache walichaguliwa kubaki katika utumishi wa Mkama. Wengi walirudi kwa baba zao, wakalima, wakaoa. Sijasikia kwamba waliorudi waliitwa walioanguka.

Mimi niliitwa hivyo. Miaka ya 1980 nilisimama katika ukumbi mmoja hapa mjini, mvua ikipiga mabati, mtahini amekuja kwa meli kutoka Mwanza. Katika Sanchin pumzi ilinipotea, mabega yakapanda hadi masikioni. Jina langu halikusomwa. Wenzangu walicheka, nami sikukanyaga tena pale. Hilo la pili ndilo kosa. La kwanza lingerekebishwa kwa miezi mitatu tu ya mazoezi.

Nilimwambia mpwa wangu yote haya. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mjomba, kama Miyagi hakutoa mkanda, ada ni ya nini?" Sikuwa na jibu zuri. Kuna walimu wanaoitoza kwa haki, kwa nauli ya mtahini na kodi ya ukumbi, na kuna wanaopandisha rangi kwa kuangalia mfuko. Yeye nilimtaka awe na uhakika na Sanchin yake.

Tulitoka uani. Mabega yake nayo yanapanda.

Mtihani ni saa tatu asubuhi. Nauli ya kurudi Muleba nimeshampa, na nimempigia dada yangu kwamba Jumatatu jioni mtoto arudi mazoezini, rangi yoyote atakayokuwa nayo kiunoni.