UZI: "Kaunti yetu ndiyo inaongoza kwa saratani." Nani alihesabu?

Wakuu, msimu wa siasa ukikaribia kuna sentensi moja lazima irushwe jukwaani: "Sisi ndio tunaongoza kwa saratani nchi hii." Nimeisikia ikisemwa kuhusu kaunti za Mlima Kenya, kuhusu Bonde la Ufa kusini, kuhusu Nyanza na kuhusu kaskazini. Wote hawawezi kuwa namba moja. Na bado kila upande una orodha yake kwenye simu, imesambazwa mara mia.

Msiipuuze lakini, maana nyuma yake kuna pesa. Kaunti "inayoongoza" ndiyo inadai mashine ya mionzi, madaktari bingwa na mgao. Ndiyo pia inatafutiwa mtu wa kulaumiwa: mara dawa za kunyunyizia mboga, mara mahindi ya kutoka nje, mara kampuni fulani iliyozika sumu. Kwa hivyo leo twende polepole tuone hii ramani ya saratani ya Kenya ilichorwa vipi na ni nani aliyeichora. Vuta kiti.

Tuanze na lile dai kwamba "zamani saratani haikuwepo." Mwaka 1935 F. W. Vint, mtaalamu wa patholojia kwenye maabara ya serikali ya kikoloni hapa Nairobi, alichapisha kwenye jarida la Lancet makala kuhusu saratani kwa Waafrika wa Kenya. Kumbe ilikuwepo, na ilionekana kwenye darubini miaka 90 iliyopita. (Ndiyo, ni Vint yule yule ambaye mwaka 1934 aliandika kuhusu ubongo wa Mwafrika wa Kenya, kazi iliyotumika kudai eti sisi ni watu wa daraja la chini. Huyo msomeni kwa macho mawili. Lakini uvimbe aliouona ulitoka kwenye miili ya watu halisi.)

Shida ni kwamba Vint aliona tu kile kilicholetwa mezani kwake. Miaka ya 1950 na 60 mambo yaliendelea hivyo hivyo. C. A. Linsell, naye wa patholojia Nairobi, alichapisha mwaka 1967 hesabu za saratani Kenya kuanzia 1957 hadi 1963, na msingi wake ulikuwa vipande vilivyokatwa hospitalini vikatumwa maabara. Sasa fikiria: ni mgonjwa gani anakatwa kipande? Yule aliyefika hospitali yenye daktari wa upasuaji, tena mwenye uvimbe unaofikika kwa kisu, kama wa ngozi au wa titi. Mwenye saratani ya ini au ya umio, huko ndani kabisa, na anaishi siku tatu za safari kutoka hospitali, alikufa nyumbani na hakuna aliyeandika chochote.

Kwa hivyo ramani ya kwanza kabisa ilikuwa ramani ya hospitali na barabara. Shikeni hilo, tutalirudia.

Sasa hapa pananoga. Kuna watu waliochoka kungoja vipande vije maabara, wakaamua kwenda kuhesabu wenyewe.

Wa kwanza ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Muirish aliyekuwa Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe wa taya unaoua watoto haraka sana. Akaanza kuuliza: huu ugonjwa unaishia wapi? Alituma vikaratasi vyenye picha kwa hospitali za Afrika, halafu mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakaingia kwenye gari kuukuu, wakashuka hadi Afrika Kusini na kurudi, kilomita kama 16,000, hospitali zaidi ya 50. Kila mahali swali ni lilelile: mmewahi kuona mtoto wa namna hii?

Majibu yakapanga mstari. Kwenye joto na mvua nyingi, ugonjwa upo. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, haupo. Kwetu Kenya maana yake ni ukanda wa Ziwa na Pwani ndio unaoumia, na nyanda za kati hazimo. Baadaye ikaeleweka kwamba ramani ile inafuata malaria, na mwaka 1964 wanasayansi wa London wakapata ndani ya uvimbe huo kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr. Malaria ya mara kwa mara inavuruga kinga ya mtoto, kirusi kinapata nafasi.

Kwa hivyo mtu akikwambia tofauti za kimaeneo ni hadithi tu za wanasiasa, mwambie hapana. Hiyo moja ilitembelewa kwa gari na ikaonekana.

Ya pili wengi hawaijui kabisa, na imefanyika Murang'a. Miaka ya mwisho ya 60, Linsell yule yule na mwenzake F. G. Peers walichukua wilaya moja wakaigawanya kwa mwinuko: kule juu, katikati na chini. Wakakusanya chakula chenyewe kutoka kwenye sahani za watu, wakapima aflatoksini, ile sumu ya kuvu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Wakalinganisha na saratani ya ini. Matokeo yalitoka 1973: jinsi unavyoshuka kwenda sehemu za chini zenye joto, sumu kwenye chakula inaongezeka, na saratani ya ini nayo inaongezeka.

Oneni hapo. Ni wilaya moja, watu wa lugha moja na mlo unaofanana. Ungeuliza "Murang'a ni ya ngapi kwenye orodha?" ungepata namba moja ya katikati isiyomsaidia mtu. Tofauti ilikuwa ndani ya wilaya, ikipanda na kushuka na mlima.

Na mambo ya aflatoksini si ya jana. Mwaka 2004 Makueni, Kitui na majirani zao walipata wagonjwa 317 wa sumu hiyo na 125 wakafa. Hiyo ilikuwa sumu kali ya muda mfupi. Ile ndogo ndogo ya kila siku, inayokaa na homa ya ini ya B kwenye mwili mmoja, ndiyo inaleta saratani miaka mingi baadaye. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania, mjadala ukageuka wa mipaka na ubabe wa majirani. Ni wachache waliouliza mahindi yetu wenyewe yanakaushwa wapi. Kuvu haibebi kitambulisho.

Twende Bomet. Hapa ndipo kuna tofauti ambayo kila mtu wa Bonde la Ufa kusini anaijua kwa macho: mtu anaanza kushindwa kumeza ugali, halafu uji, halafu maji. Saratani ya umio, ile wengi tunaita ya koo. Wingi wake magharibi mwa Kenya uliandikwa tangu 1969. Mwaka 2002 madaktari wa Hospitali ya Tenwek na wenzao walichapisha kwenye Lancet jambo lililoshtua wengi: wagonjwa wengi, na miongoni mwao vijana hata wa chini ya miaka 30, wakati nchi nyingine huu ni ugonjwa wa wazee.

Si Bomet peke yake. Kuna ukanda mzima unaoshuka kutoka Ethiopia kupitia kwetu, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini wenye saratani hii, ilhali Afrika Magharibi ni nadra sana. Tafiti zilizofanyika Eldoret na kuchapishwa 2019 zimetaja pombe, zikiwemo za kienyeji, chai inayonywewa ikiwa moto kabisa, na hali ya meno, pamoja na yale madoadoa yanayoletwa na floridi nyingi kwenye maji. Hakuna sababu moja. Najua jukwaani sababu moja ndiyo inapigiwa makofi.

Kidogo tu kuhusu dawa za kunyunyizia, maana najua mtaniuliza kwenye majibu. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile la Lyon, Ufaransa, liliweka glifosati kwenye kundi la vitu "vinavyoelekea kusababisha saratani." Mwaka 2016 likaweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi lile lile. Kundi linaonyesha uzito wa ushahidi, halionyeshi ukubwa wa hatari. Swali la dawa ni la haki, hasa kwa wanaonyunyizia bila glavu wala barakoa. Lakini huwezi kulitumia kueleza orodha ya kaunti 47 wakati hujui hiyo orodha ilitoka wapi.

Haya, sasa orodha yenyewe. Sajili ya saratani inayohesabu wakazi wa eneo fulani, si vipande vya maabara tu, ilianza Eldoret 1999 na Nairobi 2001, ya Nairobi ikiwa chini ya KEMRI. Kwa miaka mingi makadirio ya Kenya nzima yaliegemea sana sajili hizo za mijini. Nchi yenye Turkana, Kwale na Mandera ikakadiriwa kupitia macho ya Nairobi na Uasin Gishu.

Ndiyo maana muwe makini na "inapanda, inashuka." Makadirio ya shirika lile la Lyon kwa Kenya: mwaka 2018 visa vipya 47,887 na vifo 32,987. Mwaka 2020 visa 42,116 na vifo 27,092. Mwaka 2022 visa 44,726 na vifo 29,317. Kuna waliosimama na kusema wameshusha vifo kwa karibu 6,000 ndani ya miaka miwili. Jameni. Shirika lenyewe linaonya tusilinganishe toleo moja na lingine, kwa sababu njia ya kukadiria na data zinazotumika hubadilika. Hakuna aliyeshusha kitu hapo.

Idadi kamili nayo hupanda hata kama hatari kwa kila mtu haijabadilika. Sensa ya 1999 tulikuwa milioni 28.7, ya 2019 tukawa milioni 47.6. Na tunazeeka. Saratani nyingi ni za umri mkubwa, kwa hivyo Nyeri na Murang'a, zenye wazee wengi kwa uwiano, zitaonyesha vifo vingi kuliko Wajir ambako watoto ndio wengi, hata kama hewa, maji na chakula vingekuwa sawa kabisa. Ndiyo maana wataalamu husawazisha umri kwanza, kisha ndio walinganishe. Orodha ya WhatsApp haijasawazishwa, nawahakikishia.

Kisha kuna vifo vyenyewe. Mtu akifia nyumbani, anayepewa taarifa ni naibu wa chifu, na chanzo cha kifo huandikwa kulingana na maelezo ya familia. "Aliumwa tumbo." "Vidonda vya tumbo." Vifo vingine havisajiliwi popote. Anayefia hospitali, kifo kinasajiliwa pale alipofia. Kwa miongo mingi KNH ilikuwa hospitali pekee ya umma yenye tiba ya mionzi, kwa hivyo wagonjwa wa nchi nzima walikuja Nairobi, wakapanga foleni ya miezi, na wengine wakafia hapa. Kwenye daftari, hicho ni kifo cha Nairobi.

Tukitumia hata makadirio ya 2022, kwa kila visa vipya 100 tuna vifo kama 65 mwaka huo. Marekani ni kama 30. Hiyo tofauti haitokani na sumu ya shamba la mtu. Wetu wengi wanagunduliwa wakiwa wamechelewa. Saratani ya mlango wa kizazi bado inaongoza kwa kuua wanawake wetu, ilhali ni ya kuzuilika: chanjo ya HPV ilianza kutolewa kitaifa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi yuko kwenye hatari karibu mara sita zaidi, na hapo Homa Bay, Siaya na Kisumu wana sababu halisi ya kudai huduma zaidi, bila kuhitaji orodha ya kubuni.

Julai 2019 watu kadhaa mashuhuri walikufa kwa saratani ndani ya mwezi mmoja, na nchi ikapiga kelele itangazwe janga la kitaifa. Sheria ya kuzuia na kudhibiti saratani ilikuwepo tangu 2012. Tangu kelele zile vituo vya mionzi vimesogea nje ya Nairobi, Nakuru, Mombasa na Garissa zikiwemo. Ni hatua. Lakini mashine inakuja na sherehe ya kukata utepe. Karani wa sajili anayezunguka hospitali na daftari hakatiwi utepe, na mshahara wake ni rahisi kukatwa kwenye bajeti.

Nimalizie na Marsabit. Watu wa Kargi na jangwa la Chalbi wamelia kwa miaka mingi kwamba visima vilivyochimbwa kutafuta mafuta miaka ya 80 viliachwa na taka, na kwamba watu wao wanakufa kwa saratani za koo na tumbo. Suala limefika bungeni. Kila likifika, upande mmoja unasema hakuna ushahidi kwamba saratani huko imezidi, upande mwingine unataja majina ya waliozikwa. Ili kujua kama imezidi, lazima mtu awe ameandika vifo vya Kargi tangu kabla ya visima. Hakukuwa na sajili, na hospitali ya umma yenye mionzi ilikuwa Nairobi, zaidi ya kilomita 500. Mheshimiwa akija kwenu na orodha yake, angalieni Marsabit imewekwa namba ngapi, kisha mwulizeni aliipataje.