Mahali pa Mbele: Duara, Jukwaa na Msongamano katika Nchi ya Kinyaga

Mwezi wa Novemba mwaka 1931, serikali ya Wabelgiji ilipomwuzulu Mwami Yuhi V Musinga wa Rwanda na kumtawaza mwanawe Rudahigwa mahali pake, mfalme yule aliyeuzuliwa alitolewa Nyanza, palipokuwa ua wake, akapelekwa Kamembe, katika nchi ya Kinyaga, ambayo sehemu yake leo kwa lugha ya serikali ni Wilaya ya Rusizi na ambayo wazee wangali wakiiita Cyangugu; akakaa huko hadi mwaka 1940, alipovushwa tena na kupelekwa Moba katika Kongo, ambako ndiko alikofia mwaka 1944. Alikuja na jamaa zake na watumishi wake, lakini ngoma za ufalme, na juu ya zote Kalinga, zilibaki nyuma kwa mwanawe, kwa maana katika Rwanda ya kale mwenye nchi ni yule mwenye ngoma, na aliyetengwa na ngoma ametengwa na utawala. Naianza habari yangu kwa mfalme huyu kwa sababu watu wengi hudhani kwamba suala la nani asimame karibu na muziki na nani asimame mbali limeletwa juzi na majukwaa ya chuma, ilhali ni suala la zamani, na majibu yake yamebadilika mara kadha wa kadha katika vilima hivi vilivyo baina ya msitu wa Nyungwe na Ziwa Kivu.

Katika hadhara ya mfalme, ukaribu ulikuwa ni daraja. Vijana wa intore, waliochaguliwa wakafunzwa mashairi ya kujisifu, matumizi ya silaha na kucheza, walisimama safu kwa safu wakimwelekea Mwami, mashungi ya nyuzi nyeupe yakiwapepea vichwani na njuga zikiwalia miguuni. Na mbele yao paliachwa uwanja mtupu ambao hakuna raia aliyethubutu kuukanyaga. Kila mtu alijua mahali pake kabla ya ngoma kupigwa: wakuu hapa, watumishi kule, na wenye haja na mfalme nje ya ua wakingoja. Usalama wa namna hii haukuwa na fadhila kubwa, maana ulisimama juu ya hofu. Walakini ni lazima tukiri kwamba pale ambapo mahali pa mbele pana mwenyewe, hapana anayepagombea.

Mbali na ua wa mfalme mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na Kinyaga ilikuwa mbali kweli kweli. Nchi hii ilikuwa mpaka wa magharibi wa ufalme, na ndani yake falme ndogo za Bukunzi na Busozo, ambazo wafalme wake walisifika kwa kuleta mvua, zilijitawala hata Wabelgiji walipozivunja kwa nguvu katika miaka ya 1920. Huku vilimani, na kule kisiwani Nkombo, kwenye asili ya ngoma iitwayo saama, watu walicheza na kutazama katika uwanja mmoja, mchezaji akatoka katikati ya watazamaji akarudi kuwa mtazamaji, na aliyechoka akampisha jirani yake. Duara haina mbele wala nyuma. Ikiwa watu ni wengi, duara hupanuka, na aliye nyuma ya safu mbili huona juu ya bega la mwenzake. Wakizidi tena, hujitenga na kuanzisha duara yao ya pili, wala hakuna anayeona kwamba amedhulumiwa.

Tena palikuwa na mpaka mwingine, uliowekwa na sauti yenyewe. Mpiga inanga, ambaye huketi na chombo chake chenye uzi mmoja ulioshonwa mara nyingi juu ya ubao mrefu uliochongwa, akiimba kwa sauti ya chini habari za vita na za ng'ombe, hakuweza kusikiwa na watu mia, sembuse elfu. Basi wasikilizaji wake walikuwa ni wale tu waliotosha kuketi pamoja katika igitaramo, yaani baraza la jioni, kila mmoja akimwona mpigaji kama alivyomsikia. Jambo hili naliona kuwa ndilo ufunguo wa habari yote inayofuata, nami nitalirudia.

Waswahili walifika Kinyaga kwa njia ya bunduki na ya biashara. Mwaka 1896 jeshi la Dola Huru ya Kongo lililowekwa Shangi, juu ya ziwa, lilishambuliwa na majeshi ya Rwanda likayashinda, na miaka miwili baadaye Wajerumani nao wakajenga boma lao pale pale. Nyuma ya maboma wakaja askari wa pwani na wachuuzi wa nguo na chumvi, na dini yao, na lugha hii ninayoiandikia. Wabelgiji waliwaweka katika mitaa yao ya peke yao, kwa kuwachelea.

Pwani walikotoka, ukaribu na muziki ulikuwa na taratibu zake, na zastahili kuelezwa kwa kituo kwa sababu ndani yake mna hekima ambayo waandaaji wa tamasha wa leo wameisahau. Vyama vya ngoma ya beni, vilivyozaliwa Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na ambavyo Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 vilivieneza pamoja na askari na wapagazi mpaka bara, vilikuwa na wafalme wao, majenerali na madaktari, wote wa kujibandika; na watu wa chama cha Marini walipokutana na watu wa chama cha Arinoti mashindano yalikuwa makali, lakini safu zilipangwa kwa gwaride na kila chama kiliwajibika kwa watu wake, kikiwatoza faini waliokiuka. Wazungu waliyaona haya wakacheka, wengine wakaogopa. Wachache waliona kwamba umati wenye maofisa wake mwenyewe ni umati unaoweza kuambiwa usimame ukasimama.

Na katika taarabu iko ada ya kutunza. Bibi aliyeguswa na ubeti, ama kwa sababu unamsifu ama kwa sababu unamsema jirani yake, hunyanyuka kitini, akaenda kwa madaha mpaka mbele ya mwimbaji, noti imeinuliwa juu ili kadamnasi ione, akamtunza, akazunguka, akarudi. Na nyuma yake wengine wamekwisha kujipanga. Hapo kila mtu hupata kufika jukwaani, tena hufika kwa fahari, lakini hufika kwa zamu na kwa njia iliyoachwa wazi, wala hakai. Katika Kongo, ambayo muziki wake wa rumba umevuka mto Ruzizi kutoka Bukavu tangu siku za santuri, mpenzi naye hupanda akambandika mwanamuziki noti kwenye paji la uso akashuka. Ukaribu ulikuwa ni ziara, haukuwa makazi.

Kilichouvunja mpango huo ni kipaza sauti. Kabla yake sikio na jicho vilikwenda pamoja, kama nilivyosema juu ya inanga; baada yake mtu aliye hatua mia mbili nyuma husikia kila neno kana kwamba anaimbiwa yeye, asione ila vichwa vya watu na mwanga. Sikio limepewa haki yake na jicho limedhulumiwa, nalo jicho ndilo huuvuta mwili kwenda mbele. Tena jukwaa liliinuliwa, likasukumwa ukingoni mwa uwanja, mgongo wake ukazibwa kwa turubai, na ile duara ikakatwa ikawa nusu. Ndipo pakazaliwa mahali pa mbele pasipo na mwenyewe, pa urefu wa hatua chache tu, na nyuma yake maelfu wenye haki sawa ya kupataka.

Huko Kamembe uko uwanja wa Kamarampaka, uliopewa jina la kura ya maoni ya Septemba 25, 1961, ambayo kwayo ufalme ulifutwa Rwanda. Sijui kama waliouita hivyo waliwaza kwamba kwa kufuta daraja za ua wa Nyanza walikuwa pia wanafuta amri ya nani asimame wapi, lakini ndivyo ilivyokuwa, na tangu hapo kila kusanyiko lililazimika kuamua upya. Mashindano ya muziki ya Primus Guma Guma Super Star, yaliyoanza mwaka 2011 na kumpa Tom Close ushindi wa kwanza, yaliufunza umma wa mikoani kumngoja msanii aje kwao badala ya wao kumfuata Kigali, nayo yaliendelea hadi 2018, alipotwaa taji Bruce Melodie. Mwaka uliofuata ilianzishwa Iwacu Muzika Festival, ambayo mwaka 2020, wakati wa maradhi ya Korona, Rusizi ikiwa imefungiwa tena mwezi wa Juni, iliimbwa kwenye televisheni, kila mtu akawa mbele ya jukwaa nyumbani kwake, wala hakufurahi; na Oktoba 2024 msafara wake uliteremka Rusizi na kina Bruce Melodie, Bwiza, Bushali na Ruti Joel, yule kijana aliyetokea katika intore akaupeleka utamaduni ule kwenye spika kubwa.

Nchi ya vilima ina neema yake katika jambo hili, maana aliyesimama kwenye mteremko huona juu ya vichwa bila kusukuma. Lakini mteremko huohuo, watu wakijaa, huongeza uzito wa wa juu juu ya wa chini. Wataalamu wa umati, na mashuhuri miongoni mwao ni Mmarekani John Fruin, wameeleza kwamba watu wakifikia 7 hivi katika mita moja ya mraba huacha kuwa watu mmoja mmoja, wakawa maji: mawimbi hupita katikati yao, mtu akabebwa asikotaka, miguu isiguse ardhi. Wengi wanaofia hapo hawakanyagwi, ijapokuwa magazeti hupenda kuandika hivyo; hufa wamesimama, kwa kuwa kifua kimebanwa pande zote hata hakiwezi kutanuka kuvuta pumzi. Na anayeua hajui kwamba anaua, kwa sababu yuko safu ishirini nyuma, anaimba.

Ajali za namna hii hazijakaa mbali nasi. Tabora, Tanzania, siku ya Idi, Oktoba 1, 2008, watoto 20 walipoteza maisha katika ukumbi wa disko. Kinshasa, Oktoba 29, 2022, Fally Ipupa alipoimba katika uwanja wa Martyrs uliojaa kupita kiasi, walikufa watu 11, wawili wao polisi. Kampala, usiku wa kuamkia mwaka 2023, watu wasiopungua 9 walibanwa katika njia nyembamba ya jengo la maduka walipokuwa wakikimbilia kutazama fataki. Na juu ya ziwa letu hilihili, Rubavu, Juni 2024, katika mkutano wa kampeni, mtu mmoja alifariki na 37 wakajeruhiwa. Ukizitazama kwa makini utaona kwamba nyingi hazikutokea mbele ya jukwaa bali mlangoni na njiani, jambo ambalo walinzi, wanaopenda kupanga mabaunsa wote mbele ya msanii wakayageuzia mgongo malango, hawajalizingatia vya kutosha.

Kijana anayetaka kufika mbele, maana hatumkatazi, na aje mapema akiwa amekunywa maji. Asimame pembeni kuliko katikati, kwa kuwa pembeni pana pa kutokea. Mawimbi yakianza, akunje mikono mbele ya kifua kama bondia apate nafasi ya pumzi, wala asishindane nayo, bali katika kituo baina ya wimbi na wimbi ajongee kwa mshazari kuelekea ukingoni. Na jirani yake akianguka, amwinue kwanza, ndipo atazame jukwaa. Haya ni maarifa mema, ila ni maarifa ya mwenye kuokoka. Hayawezi kuchukua nafasi ya mpango.

Mpango wenyewe unajulikana. Huko Denmark, katika tamasha la Roskilde, Juni 30, 2000, watu 9 walikufa mbele ya jukwaa ilipokuwa ikipiga bendi ya Pearl Jam. Kulikuwa na mvua na matope, na walioanguka hawakuweza kuinuka. Baada ya hapo mahali pa mbele palizungushiwa vizuizi, pakawekewa idadi, na mwenye kupataka akapangiwa foleni, wakaingizwa wachache kwa hesabu na waliobaki wakangoja zamu ya msanii mwingine. Ni ile ada ya taarabu iliyopitia kwa wahandisi: kufika kwa zamu, njia wazi, kisha kupisha. Watu wa Rusizi hawana haja ya kufunzwa foleni, kwa kuwa wachuuzi wa mboga na wa samaki hupanga mstari kila alfajiri kwenye mpaka wa Bukavu, vikapu vichwani na karatasi mikononi, wala hawaoni taabu maadamu mstari unakwenda na hapana anayeuruka.

Pingamizi halitoki kwao. Linatoka kwa mwenye kugharimia tamasha, ambaye ameruhusu watu waingie bure ili apate picha, na picha anayoitaka ni ya vichwa vilivyoshikamana toka jukwaani mpaka mwisho wa uwanja. Eneo la mbele lenye watu waliohesabiwa, wenye nafasi ya kuinua mikono na kucheza, machoni pa kamera yake huonekana kama tamasha lililokosa watu. Na pale anapokubali kuweka vizuizi, aghalabu huwawekea wageni wake viti na meza za vinywaji mbele kabisa, akaurudisha ua wa Nyanza bila adhama yake, na akalipeleka shinikizo la umati hatua thelathini nyuma, kwenye chuma ambacho hakuna aliyekipima.