Klachi: Sahani Zilizoifundisha Pikipiki Kusimama

Mwendeshaji wa pikipiki za mwanzo alianza safari kwa miguu. Aliukamata usukani wa pikipiki yake, akakimbia nayo mpaka injini iwake, kisha akairukia. Pikipiki ya Hildebrand & Wolfmüller ya mjini Munich, iliyoanza kuuzwa mwaka 1894 na kuwa ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, haikuwa na klachi. Vyuma vya pistoni viliungwa moja kwa moja na gurudumu la nyuma. Gurudumu likisimama, injini nayo imezimika. Ng'ombe mmoja akikatiza njia, mwenye pikipiki anaanza kukimbia upya.

Mwaka 1911 mashindano ya pikipiki ya TT (Tourist Trophy) katika kisiwa cha Man yalihamishiwa kwenye barabara inayopanda mlima Snaefell. Pikipiki za Indian za Marekani zilikuja na gia mbili, klachi na cheni, wakati pikipiki nyingi bado zilivutwa kwa mkanda. Oliver Godfrey akawa wa kwanza, Charles Franklin wa pili, Arthur Moorhouse wa tatu, wote juu ya Indian. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kuibishia klachi.

Klachi iliyozoeleka baadaye ni sahani zilizopangana kama chapati ndani ya bakuli la chuma. Zile za msuguano zina meno nje, yanayoshika bakuli linalozungushwa na injini. Za chuma tupu zina meno ndani, yanayoshika upande wa gia. Springi huzibana zizunguke pamoja. Ukivuta mkono wa klachi zinaachana, injini inaendelea kuunguruma na gurudumu limetulia.

Itazame kwenye BSA Bantam, pikipiki ya Kiingereza ya mwaka 1948. Ramani yake ilitoka kwa DKW RT 125 ya Ujerumani, ikachukuliwa kama fidia ya vita. Pikipiki hiyohiyo ya Kijerumani ndiyo iliyoigwa na Yamaha kwa YA-1 ya mwaka 1955. Huko Uingereza, Bantam za posta zilipakwa rangi nyekundu, zikabeba vijana waliopeleka simu za maandishi. Sahani za msuguano za Bantam zilijazwa vipande vya gome la mwaloni, lile la vizibo vya chupa, vikiogelea ndani ya oili.

Bantam ikilala bandani miaka mingi, sahani hugandana. Unavuta klachi, unaingiza gia, nayo inaruka mbele. Fundi humwaga oili, akafungua kava, akabana springi na kutoa sahani moja moja, akizipanga kwa mfuatano wake. Kila sahani ya chuma hulazwa juu ya kioo: mwanga ukipenya chini yake, imepinda. Halafu anapapasa kuta za bakuli, maana meno ya sahani huchimba vijishimo, na sahani ikinasa humo haiachii tena. Hapo tupa hupita taratibu, pande zote sawasawa. Gome lililoungua hutolewa. Jipya hulainishwa kwa maji ya moto, likashindiliwa, likasawazishwa kwa msasa na kulowekwa oili. Tahadhari moja ni ya uhai: sahani nyingine za zamani zina asbestosi, hivyo usizisugue kavu wala kuzipuliza, vumbi lake huua mapafu.

Mwaka 1958 Honda Super Cub iliondoa kabisa mkono wa klachi. Vizito vinavyotanuka injini ikikaza mwendo vikachukua kazi hiyo. Takeo Fujisawa wa Honda alitaka mpeleka tambi aweze kuendesha kwa mkono mmoja. Kufikia 2017 pikipiki za ukoo huo zilikuwa zimetimia milioni 100.

Lakini bodaboda wengi wa Afrika Mashariki bado wanavuta mkono wa klachi. Abiria anapopanda kijiweni, injini iko hai na gurudumu limetulia, sahani zimeachana kidogo tu ndani ya oili. Kisha vidole vinalegea polepole, na safari inaanza bila mtu kukimbia.